Mama Godoro

Mwanamke akishapata mtoto, jina lake mwenyewe huwekwa kabatini kama gauni la ujana. Ataitwa mama wa fulani mpaka atoke duniani. Mkaza mwana wa karakana ya magodoro hakuwa na fulani wa kuitiwa, na watu hawapendi kuona nafasi tupu, wakamjazia wao. Mteja mmoja mcheshi alisimama mlangoni asubuhi moja akapiga kelele, "Hodi kwa Mama Godoro!" Wenzake wakacheka. Yeye naye akatabasamu, maana alikuwa ameng'ata uzi na hakuweza kujibu. Alidhani jina litapita kama mafua. Halikupita.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe wake. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Mtu akichoka kulalia godoro lililoingia bonde katikati, hulileta. Unafumua mshono wa upande mmoja, unaimwaga pamba yote uani juu ya turubai, unaipiga kwa fimbo mbili nyembamba mpaka vumbi liishe na mabonge yaachane, kisha unaichambua kwa vidole na kuirudisha ndani ya mfuko mpya. Mwisho unashona kwa shazia, ile sindano ndefu inayoweza kupenya gunia. Jioni unakohoa pamba. Nywele zinaota mvi za bandia.

Mama mkwe ndiye aliyemfundisha. Alikuwa mwanamke mkavu, mwepesi, mwenye kutumia mkono wa kushoto, na mishono yake yote ililala kushoto kama majani yaliyopigwa na upepo. Ya mkaza mwana ililala kulia. Wakishona godoro moja, mmoja akitokea huku na mwingine kule, hata mgeni angeweza kuonyesha kwa kidole mahali walipokutana.

Jambo la ajabu katika kazi ile ni vitu vinavyokutwa ndani. Pini za nywele na vifungo ni vya kawaida. Lakini siku nyingine ungeingiza mkono ukatoka na jino la maziwa, au kucha zilizofungwa kwenye kitambaa, au picha ya mwanamume aliyekatwa kichwa kwa mkasi, kwa uangalifu, mabega yakabaki. Mara ya kwanza Mama Godoro alipiga yowe. Mama mkwe hakuinua hata macho.

"Kirudishe ulipokitoa," alisema. "Godoro limesikia mengi kuliko wewe. Mwenyewe akikikataa, kitie kwenye bati."

Bati lilikuwa la biskuti, liko rafu ya juu kabisa. Hakuna aliyelifungua ila kuongeza.

Godoro la ndoa yao, mama mkwe alilishona mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kwa pamba mpya na kitambaa cha mistari ya buluu. Siku alipomkabidhi bibi harusi alimpa na sharti. "Hili halifunguliwi mpaka lilaliwe na mtoto. Ukilifungua kabla, unamwaga."

"Namwaga nini, Mama?"

"Unamwaga," alirudia, akaondoka.

Hiyo ilikuwa miaka mitano iliyopita.

Katika miaka hiyo tumbo la Mama Godoro liligeuka kuwa kitu cha mtaa mzima, kama kisima. Kila mtu alikuwa na kauli juu yake. Jirani wa upande wa choo alimuuliza kama aliwahi kuchoma sindano ya uzazi wa mpango, na alipokiri kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa alichoma mbili, jirani akajipiga paja. "Basi umejifunga kufuli, na ufunguo kaumeza nesi!" Mwanamke mkandaji wa matumbo alimbonyeza mpaka akaona nyota, kisha akatangaza kwamba kizazi kimegeuka, kinatazama mgongo. Dawa yake ni kulala kila adhuhuri saa nzima, miguu imeegemezwa ukutani, kirudi chenyewe. Akamwambia pia kwamba mlango wa uzazi hufunguka siku tatu za mwanzo baada ya damu kukatika, kisha hujifunga mpaka mwezi mwingine. Akutane na mumewe siku hizo. Nyingine ni kujichosha bure.

Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa, na hata nyumbani walimwita Dereva. Mtu mpole, mwenye ndevu nzito na sauti inayotoka kifuani. Alikwenda kwa msimamizi wake akapanga safari zake zote zimrudishe siku zile tatu. Siku ya nne anawasha injini. "Lori langu linakwenda kwa kalenda ya mke wangu," aliwatania wenzake, ila aliyasema akitazama pembeni.

Mama mkwe alimchemshia mkaza mwana dawa chungu za kila namna, akamsimamia anywe, akapokea kikombe. Hakuwahi kumtukana. Hakuwahi kumnunia. Ndugu wa mume walipoanza maneno, ni yeye aliyewakata kauli. Mama Godoro alikuwa akijiambia, wengine wana mama wakwe chui, mimi nimepewa mzazi. Hilo tu lilimfariji. Lakini kulikuwa na kitu katika macho ya yule mama wakati anapokea kikombe kitupu, kitu kama cha mtu aliyevunja sahani ya mwenzake na hajasema.

Sauti aliisikia mwaka wa pili. Ilikuwa saa sita na nusu, jua liko wima, mtaa umenyamaza. Dereva alikuwa njiani siku ya tano. Mama Godoro alikuwa amelala chali, miguu ukutani kama alivyoagizwa, mkono ameuacha wazi upande wa mume. Chini ya mkono wake kitu kikachakacha.

Hakusogea. Baada ya muda kikachakacha tena, taratibu, kama mtu anayejigeuza juu ya majani makavu.

Wazo la kwanza lilikuwa panya. Lakini yeye ni fundi. Panya anaacha tundu, anaacha harufu, anaacha punje. Aliligeuza godoro akalikagua lote. Hakuna. Alilirudisha akalala tena, akasubiri. Ukikaa kimya kabisa hakisemi. Ukipumua kwa nguvu, kinajibu.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Watu waliokwisha kumwita Mama Godoro wangechukua habari hiyo wakaishonea mikono na kola.

Lililomtisha zaidi lilikuja mwaka wa tatu, na ni jambo ambalo fundi tu angeliogopa. Pamba ina tabia moja: hulala. Ukiilalia, inakwenda chini, inashikana, inakufa. Ndiyo maana kuna karakana. Haiinuki mpaka uipige kwa fimbo. Upande wake yeye wa godoro ulikuwa umezama kama kawaida. Upande wa mume ulikuwa ukiinuka.

Alichukua tepu akapima kutoka kwenye ubao wa kitanda. Akaandika kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati. Mwaka wa nne akapima tena, tuta limeongezeka kidole kizima. Mwaka wa tano, kidole na nusu. Jua la dirishani lilikuwa likipiga pale pale, na adhuhuri ukiweka kiganja juu ya tuta ulikuta lina joto, joto la mwili. Alijua ni jua. Aliendelea kuweka kiganja.

"Hili godoro linanisukuma," Dereva alilalamika akiwa nyumbani. "Naota napanda mlima na lori halina breki. Si ulifungue, fundi? Unafungua ya watu wote."

"Mama amekataza."

"Aa. Kama ni Mama," alisema, akajisogeza upande wa mkewe na kulala bondeni.

Basi Jumatano moja akaja shangazi yake Dereva, dada wa marehemu baba yake. Alikuwa mwanamke wa mwili na wa sauti, aliyezoea kuketi kabla ya kukaribishwa. Aliketi juu ya godoro la mteja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, bibi harusi wa miaka mitano." Akamgeukia mama mkwe. "Wifi, nimekuja kwako, sikuja kwa huyu. Kaka yangu aliacha mbegu moja tu duniani. Nyie mnaipanda kwenye saruji."

"Mwache mtoto wa watu," mama mkwe alisema bila kuacha kushona.

"Kila mwaka mwache, mwache. Unamlea nini humu? Tatizo haliwezi kuwa la mwanetu. Mwanamume mwenye ndevu zile, na sauti ile kama gari linapanda kilima? Yule ana watoto mia mgongoni, wamekosa tu pa kushukia!"

Hapo mama mkwe, ambaye katika miaka yote hajawahi kujichoma, alijichoma. Shazia iliingia kwenye kiganja. Aliitoa polepole, akafuta damu kwenye pamba.

"Jumapili," shangazi akasema, akinyanyuka, "nakuja na baba zake wadogo wawili. Mwanetu atakuwepo. Ama huyu anarudi kwao kwa heshima, ama mwanetu anaongeza mke. Moja kati ya hayo litaamuliwa, na wewe wifi safari hii utanyamaza."

Siku mbili Mama Godoro alifanya kazi kama mtu anayefunga virago kwa macho. Alitazama rafu, fimbo, turubai, ukuta wenye alama za mafuta ya mkono wake. Alimpenda mumewe, na hilo lilikuwa gumu. Alipenda hata kazi. Jumapili wakimtoa, atatoka na nguo zake. Godoro litabaki. Mwanamke mwingine atakuja kulilalia, na kile kitu ndani kitaendelea kukua.

Ijumaa adhuhuri mama mkwe alikwenda kupeleka godoro kwa mteja. Nyumba ikabaki tupu. Mama Godoro aliingia chumbani, hakupandisha miguu ukutani. Aliweka kiganja juu ya tuta. Lina joto. Akapumua kwa nguvu.

Kikachakacha.

"Haya," alisema kwa sauti, "leo tuonane."

Alilivuta godoro mpaka sakafuni, akapiga magoti mbele ya mshono wa upande wa mume. Macho yake yaliona kabla ya akili. Mishono yote ililala kushoto, sawa, godoro si lilishonwa na mama mkwe? Lakini pembeni ya kila tundu la sindano kulikuwa na tundu jingine la zamani, na pembeni yake jingine. Alihesabu kwa ncha ya kucha. Mshono ule ulikuwa umefumuliwa na kushonwa tena mara tano. Uzi wa mwisho ulikuwa bado safi.

Alifumua. Akaingiza mkono hadi kiwiko, kisha hadi begani, shavu lake likiwa juu ya kitambaa cha mistari. Pamba ya ndani ilikuwa ya moto na yenye unyevu kidogo. Vidole vikagusa kitu kilichofungwa.

Alikitoa. Kilikuwa na urefu wa kutoka kiwikoni mwake hadi ncha za vidole, kimefungwa kwa kitambaa kile kile cha mistari ya buluu. Kilikuwa na sehemu nene, na sehemu nyembamba iliyokazwa kwa uzi, na juu yake kitu cha mviringo. Hakikuwa na uso. Alipokipakata alikuta mkono wake mmoja umeshajiweka chini ya ule mviringo, kuushikilia usianguke nyuma. Baadaye alijiuliza ni nani aliyemfundisha.

Halafu ufundi ukamshika. Akachukua wembe akakata uzi. Chini ya kitambaa kulikuwa na pamba, chini ya pamba kitambaa kingine, na uzi wa rangi nyingine. Tabaka tano. La ndani kabisa lilikuwa dogo kama ngumi, nalo halikuwa kitambaa. Ilikuwa soksi ya mtoto mchanga, ya kufuma, imegeuka rangi ya chai. Ndani ya soksi mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Aliibonyeza. Ikachakacha.

Ilikuwa karatasi ya zahanati, yenye jina la mumewe na tarehe ya mwaka waliooana. Vipimo vya kuajiriwa udereva. Kaswende: HASI. Kifua kikuu: HASI. Homa ya ini: HASI. Chini kuna muhuri. Aliisoma mara ya pili, akaigeuza nyuma. Hakuna kingine. Majibu mazuri ya mtu mzima mwenye afya. Kwa nini mtu ayazike?

"Umemfungua."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Hakusema *umekifungua*. Alisema *umemfungua*, kama mtu anayesema habari za mtu.

"Mama, hiki ni nini?"

"Usimlaze kifudifudi." Yule mama aliketi sakafuni, akakichukua kilichobaki cha furushi, akakifunika. "Kila mwaka nimemwongezea pamba ya kiganja kimoja. Ukienda sokoni ndipo nilikuwa naingia. Nilisema, kama wangu hatazaa, basi huyu akue hata kidogo."

"Wako hatazaa? Mama, mimi ndiye unayeninywesha dawa."

"Umesoma karatasi?"

"Nimesoma."

"Basi umeshajua. Aliniagiza nikamchukulie nakala yake, yeye alikuwa ameshaanza safari. Mimi nasoma herufi moja moja, lakini neno lile nalijua tangu utoto. Baba yangu alikuwa mtu wa ng'ombe. Dume likiwa kali linashikwa na wanaume wanne, linalazwa, linahasiwa. Baada ya hapo linanenepa, linavuta jembe, lina sauti, lina pembe. Halizai. Tunamwita hasi, maksai." Akagusa karatasi kwa kidole. "Wamemwandikia mwanangu mara tatu. Kana kwamba mara moja haitoshi. Nikakumbuka aliugua matubwitubwi akiwa na miaka saba, akavimba shingo. Nikasema ndiyo hayo. Mtoto wangu maksai. Nimwambie vipi? Watu wakijua watamtazama vipi? Nikasema bora aulizwe mke. Mwanamke akiulizwa, anaulizwa tu. Mwanamume akiulizwa, anakufa."

Mama Godoro alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kicheko. Hakukitaka. Kilimtoka kama kikohozi cha pamba, kikamtikisa, kisha kikageuka kilio, kisha akashindwa kujua ni kipi.

"Unanicheka?"

"Mama. Hasi ya zahanati maana yake hakuna. Wametafuta ugonjwa, hawakuuona. Hana kaswende. Hana kifua kikuu. Hana homa ya ini."

Mama mkwe alimtazama. "Na mtoto?"

"Karatasi haikuulizwa habari ya mtoto."

Nje fundi baiskeli alikuwa akigonga chuma. Yule mama aliitazama karatasi kwa muda mrefu, midomo ikitembea, h, a, s, i, kama anayejaribu mlango ambao miaka yote aliusukuma na kumbe ulikuwa wa kuvuta.

"Dawa zile," alisema mwishowe. "Nilikupa nikiamini hazina kazi. Nilikupa ili waone unapewa."

"Nilijua kuna kitu. Kila ukipokea kikombe."

"Nisamehe, mwanangu."

Kwa Mama Godoro neno la msamaha lilikuwa mbali bado, hakutaka kulisema kwa ajili ya kunyamazisha chumba. Aliikunja karatasi, akaiweka kifuani.

Jumapili walikuja watatu, shangazi na baba wadogo wawili wenye fimbo za kutembelea. Dereva alikuwa ameoga, ameketi kama mshtakiwa. Shangazi alianza kwa salamu ndefu, kisha akasema, "Sasa. Huyu binti ajieleze."

"Kabla hamjamuuliza huyu, niulizeni mimi," mama mkwe alisema. Aliyasema yote. Hakuacha soksi, hakuacha ng'ombe wa baba yake, hakuacha vikombe vya dawa. Alipofika kwenye neno lenyewe alilitamka akiinamia sakafu. Baba mdogo mmoja alianza kucheka, akaingiza kicheko ndani ya kikohozi.

Dereva akauliza taratibu, "Kwa hiyo, Mama, miaka mitano ukinipakulia chakula, ulikuwa ukiona maksai?"

"Nilikuwa nakuona wewe, baba. Na nalia."

"Na huyu?" Akamwonyesha mkewe. "Huyu alikuwa anakula nini?"

Shangazi akajikohoza. "Sawa, karatasi haikusema kitu. Basi tumerudi pale pale. Hatujui. Na kama hatujui, tatizo ni la mwanamke."

"Shangazi," Mama Godoro alisema. Kila mtu akageuka, kwa sababu katika vikao vyote hajawahi kusema. "Kama hatujui, tuseme hatujui. Tunakwenda kupimwa. Wawili. Baada ya hapo nikiambiwa niondoke nitaondoka, lakini sitaondoka kwa kubahatishwa."

"Mwanamume hapimwi kitu hicho! Mwanamume huonekana. Mtazame, ndevu zile!"

Macho yote yakamwendea Dereva. Mama Godoro aliona mkono wake ukipanda kwenye kidevu, ukatulia pale. Aliona hofu pia. Mpaka Jumapili ile mumewe hakuwahi kufikiri kwamba huenda ni yeye, na sasa alikuwa akifikiri, mbele ya watu. Angeweza kusema hapana, na kikao kingemuunga mkono.

"Ndevu hata mbuzi jike anazo, Shangazi," alisema. "Kesho tunakwenda."

Zahanati ilikuwa na benchi refu na muuguzi wa makamo aliyefunga kalamu yake mezani kwa kamba. Aliwasikiliza bila kushangaa, na hilo liliwashangaza. Sindano za uzazi wa mpango? Hazifungi kizazi, hedhi inaweza kuchelewa kukaa sawa kwa miezi kadhaa, wengine karibu mwaka, basi. Kizazi kinachotazama nyuma? Wanawake wengi wanacho hivyo tangu kuzaliwa na wanazaa. Miguu ukutani? "Ukipenda kuipumzisha." Matubwitubwi ya utotoni kwa kawaida hayagusi uzazi, yakimpata mwanamume aliyeshabalehe, hapo ndipo wakati mwingine huleta madhara. Na ndevu hazihesabiki. Wenzi wasiopata mtoto, alisema, mara nyingi sababu iko kwa mwanamume, au kwa wote wawili, kama ilivyo kwa mwanamke.

"Mnakutana siku gani?"

Mama Godoro alitazama viatu vyake. "Tatu za mwanzo baada ya damu kukatika. Kisha yeye anasafiri."

"Mzunguko wako una siku ngapi?"

"Thelathini na mbili. Na tatu wakati mwingine."

Muuguzi alivuta kalenda ya ukutani. "Hesabu inaanza siku damu inapoanza, si inapokoma. Yai hutoka kama wiki mbili kabla ya damu inayofuata. Kwako wewe ni siku ya kumi na nane hivi. Siku zenyewe ni hiyo na zile tano zilizoitangulia." Aliigonga tarehe kwa kalamu mpaka kamba ikakaza. "Siku ya kumi na nane mumeo yuko wapi?"

"Barabarani," Dereva alijibu.

"Miezi yote?"

"Miaka minne."

Muuguzi alikuwa ameshaona mengi, lakini hapo aliweka kalamu chini.

Majibu ya Dereva yalitoka Alhamisi. Mbegu zipo. Ni pungufu kidogo kuliko inavyotakiwa, apunguze sigara, arudie kipimo baada ya miezi mitatu. Mirija ya uzazi ya Mama Godoro ilikuwa bado haijachunguzwa, alipewa tarehe. Hakuna aliyewaahidi kitu. Dereva alifika nyumbani akamtafuta mama yake karakana, akampa karatasi mkononi. "Soma mwenyewe."

Yule mama alisoma herufi moja moja, kidole kikitambaa. "Z. I. P. O." Alirudia neno lote. Kisha akaenda uani, akachukua fimbo mbili, akaanza kupiga pamba ambayo ilikuwa imeshapigwa.

Shangazi hakurudi na wazee. Alituma salamu tu, fupi.

Mama Godoro alilishona upya godoro lao, mishono yake ikilala kulia pande zote nne. Lile furushi hakulikuta mahali alipoliacha. Hakuuliza. Alipanda kitini akafungua bati la biskuti, akatazama ndani kwa mara ya kwanza bila kuongeza kitu: meno, kucha, mabega yasiyo na kichwa. Halikuwemo. Akafunga.

Wateja bado wanamwita Mama Godoro, naye siku hizi anaitika. Dereva amepanga safari zake upya. Msimamizi anamuuliza kama mke amebadilisha kalenda. Tarehe ya kipimo iko nyuma ya mlango wa kabati, chini ya vile vipimo vya zamani vya penseli.

Adhuhuri ya juzi alijilaza kidogo, miguu imenyooka kitandani kama ya binadamu mwingine yeyote. Godoro lilikuwa sawa kama meza. Aliweka kiganja upande wa mume. Palikuwa pa baridi. Alipumua kwa nguvu, na hakuna kilichojibu, akashangaa kugundua kwamba alikuwa akisubiri.

Ndipo akasikia. Haikutoka chini yake. Ilitoka ng'ambo ya ukuta, chumbani kwa mama mkwe, taratibu, kama mtu anayejigeuza juu ya majani makavu. Karatasi alikuwa nayo yeye mwenyewe, kabatini. Mle chumbani hamkuwa na karatasi nyingine.

Kisha akasikia sauti ya yule mama, chini kabisa, ya mtu anayembembeleza mtu alale.

Mama Godoro alikaa akisikiliza. Angeweza kuinuka akagonga mlango. Badala yake alijigeuzia upande wa pili, akavuta shuka, akawaacha.